Viatu Mlangoni

Jumanne, saa kumi na mbili jioni, nyuzi ishirini chini ya sifuri.
Nafungua chumba cha chini ya kanisa, nateleka kahawa,
napanga viti kumi na vinne
ingawa huja tisa.

Kwetu Ufini viatu huvuliwa mlangoni.
Theluji ya nje ni ya nje.

Wiki ya sita ya mgomo. Kiwanda cha karatasi
kinatoa moshi mwembamba, wa aibu,
na mji umepasuka kama barafu ya mto mwezi Aprili:
wa huku hanunui mkate kwa wa kule.

Tauno anaingia na beji ya chama kifuani.
Nyuma yake Ilmo. Jana Ilmo alipita getini kwenda kazini
kainamisha kichwa, na Tauno alikuwepo,
na Tauno alitema mate.
Mji mzima unajua yalitua wapi.

Kijana Joona katoa karatasi ya sahihi:
"Ndugu zangu, kikundi chetu kisinyamaze."
Raili, mwaka wa kumi na tisa bila tone,
hakumkemea. Aliipokea, akaikunja,
akaenda kuitia ndani ya buti la Joona.
"Utaikuta ukitoka," alisema.
"Huko nje kila mtu ana haki yake.
Humu tuna kiu tu."

Mimi nami nina upande. Mume wangu amegoma,
jiko letu linapikia deni.
Nikalimeza neno langu, likashuka likiunguza
kama kile nilichokuwa nikikimeza zamani.

"Naitwa Ilmo, mimi ni mlevi.
Jana niliikalia chupa mezani hadi saa nane usiku.
Sikuifungua. Msiniulize kwa nini."

Bomba la joto liligonga ukutani.
Tauno alikuwa akiitazama soksi yake, imetoboka kidole gumba.
Kisha akainuka, akamimina kikombe,
akakisogeza bila kumtazama mtu:
"Sukari mbili, sivyo?"

Tulipotoka hawakuagana.
Kesho alfajiri mmoja atasimama getini, mwenzake atapita.
Nilipiga deki dimbwi la viatu vyote, nikafunga mlango,
nikamkuta Joona kando ya gari lake, anatetemeka.
Juu ya boneti nikatia sahihi yangu.

Wino nao uligoma kwanza, kwa baridi.