Hita ya Anti Lun

Aliniita Januari, hita imezimika,
nyumba ya tatu toka mwisho, mtaa wa juu kabisa,
pale Blaenau mlima ulipomwaga vifusi
vya mawe ya kuezekea, meusi, yaliyolowa,
hadi nyuma ya vyoo vya watu.
Mvua ilikuwa ile yetu, isiyonyesha wala kukoma.
Akafungua bibi mfupi, sweta amelivaa kinyume:
"Fundi, chai kwanza au bomba kwanza?"

Sura niliijua: Anti Lun wa viazi, jikoni shuleni.
Jina nililiona kwenye bili: Eluned Prydderch.
Nikashika spana, nikajifanya nasoma namba za mtambo.

Maana nilikuwa na miaka kumi na minne
nilipoiba kitabu chenye jina hilo kwenye basi la maktaba.
Niseme kweli, sikuwa msomaji. Nilikiiba
kwa kuwa jaladani palichorwa pikipiki.
Ndani hamna pikipiki hata moja!
Mna mvulana, Gethin,
ambaye baba yake hajasema neno
tangu machimbo yalipofungwa,
na mama anayehesabu sarafu juu ya friji
usiku, akidhani watoto wamelala.
Nilikimaliza chini ya blanketi, tochi ikififia,
nikijiuliza: nani huyu aliyechungulia kwetu?

Kumbe ni yeye.
Miaka ishirini na mbili akitupakulia,
kofia ya wavu kichwani, kijiko mkononi,
sisi tukiapizana, tukitongozana, tukilia foleni nzima,
tukimwona ukuta.
Na ukuta una masikio, wahenga hawakukosea;
huu ulikuwa na daftari pia, mfukoni mwa aproni.

Aliandika alfajiri kabla ya zamu,
meza ikiyumba, mguu mmoja umeegeshwa kwa kigae.
Kitabu cha kwanza kilirudishwa mara kumi na tatu.
Cha pili hakikurudi, wala jibu.
Cha tatu mhariri wa London akakipenda, ila mwisho:
vijana wanataka matumaini, baba na aanze kusema.
"Nikamjibu kwa postikadi," alinisimulia, akicheka ndani ya kikombe,
"Bwana, baba yake Gethin namjua.
Mwanawe nampakulia viazi kila siku. Hajaanza kusema."

Hakunitazama aliposema hivyo.
Mimi nami nilikaza nati iliyokwisha kukazwa.

Kikatoka vivyo hivyo. Kikapata tuzo,
bakuli la kioo; sasa anawekea vitunguu.
Cha sita alikiandika mbiombio, mwenyewe anakiri.
Kisha wakamtaka aandike mazimwi yanyonyao damu,
akasema hajakutana na zimwi kwenye foleni ya viazi.
Cha nane wakakisaga, kikawa trei za mayai.
"Walau kimebeba kitu," akasema.
Halafu, kama anayejisemea:
"Kuwaandikia vijana ni kushona viatu vya watoto.
Mguu unakua. Nani atakuja kukushukuru
kwa kiatu kisichomtosha?"

Nilikuwa chali, uso kwenye mabomba,
vumbi machoni, na vumbi ni kisingizio kizuri.
Nikaisema sentensi ya mwisho ya kitabu, kwa sauti:
"Gethin akaweka sahani ya baba, akaketi, wakala."

Kimya. Hita ikakohoa, ikashika moto.

"Umekosea," akasema. "Wakala polepole."

Nilifunga mkoba wa vyuma. Bili sikuiandika,
naye hakuiuliza. Mlangoni akanishika mkono wa koti:
"Iolo. Alisema, mwishowe?"

"Wiki moja kabla hajafa," nikamwambia.
"Mezani. Aliomba chumvi."

Akanyamaza kitambo, mvua ikimpata miguuni.
Kisha mkono wake, wenyewe, kwa mazoea,
ukaenda tumboni kutafuta mfuko wa aproni asiyoivaa tena.
"Hebu ingia ndani," akasema. "Kaa.
Aliombaje?"