Tarehe Mosi Januari

Msiniulize habari za Jeneva. Sikufika.
Mimi nilikuwa karani wa kambi ya Utange
mwaka ule Barawa nzima, ungedhani,
ilipokuja na mito yake ya kulalia
kupiga foleni nyuma ya Bamburi.

Meza mbili, hema moja.
Ya kulia, Shirika la Wakimbizi, lilipima hofu:
nani kakufukuza, lini, kwa kosa gani.
Ya kushoto, Shirika la Uhamaji, lilipima mzigo:
kilo ngapi, mapafu yakoje,
ngazi ya ndege utaiweza?

"Hawa ni dada," Ogutu wa kulia alisema,
akichovya mahamri kwenye chai yangu.
"Walizaliwa vita vikuu vilipokwisha,
Ulaya imejaa watu wasio na pa kurudi.
Mmoja akaambiwa: linda. Wa pili: safirisha.
Kupendana hawakuambiwa."

Nikayaona. Mana Zeituni
alieleza kulia kifo cha mumewe, akalia,
akafuta macho, akasogea hatua tatu kushoto,
akaulizwa upya: mume yuko wapi?

Kulia aliandikwa Zeituni Sheikhnuri.
Kushoto, Seytun Shekh Noor.
Na mwanawe Muhidini, aliyelala na surua
siku ya kupimwa, alikuwa kulia tu.
Kushoto hakuwa amezaliwa.

Basi la uwanja wa ndege likaja na orodha ya kushoto.
Mama akaitwa. Mtoto hakuitwa.
Akapanda, akashuka. Akapanda.
Dereva akazima injini, akawasha.
Akashuka, akaketi vumbini,
mfuko mweupe wa safari mapajani,
basi likaenda na kiti chake kitupu.

Wakubwa wana tarehe zao za ushirikiano:
mkataba, saini, picha ya kupeana mikono.
Nawaachia. Yangu ni Jumanne moja
stepla ya kushoto ilipokufa kwa kutu.
Wakesho akaja kuazima ya Ogutu,
na kwa kuwa ya Ogutu ilifungwa kwa uzi wa katani
kwenye mguu wa meza
(stepla za Utange zilijua kutoroka),
ilibidi faili zake zije huku.
Zikalala ubavu kwa ubavu.
Nikawaona Zeituni wawili wakitazamana.
"Huyu si ndiye huyu?" nikasema.
Kimya. Hata jenereta ilinyamaza,
ingawa hiyo ilikuwa dizeli.

Usiku tisa, kwa taa ya chemli,
tulisoma majina kwa sauti, yeye lake, yeye lake,
mimi katikati, nikiamua kwa Kibarawa cha bibi yangu
kwamba Nuri na Noor ni mwanga uleule.
Hawakupatana, msidanganyike.
Ogutu aliona anaporwa watu wake,
Wakesho aliona anacheleweshewa ndege.
Walizozana hadi mbu wakachoka.

Jambo moja tu waliafikiana tangu mwanzo,
bila kikao, bila mkataba:
asiyejua siku yake ya kuzaliwa
aandikwe tarehe mosi Januari.
Vikongwe, vichanga, bibi harusi,
kambi nzima ikazaliwa alfajiri moja,
na mkunga ni kalamu yangu.

Zeituni aliondoka Agosti,
Muhidini ameshika ncha ya mfuko.

Sasa kila mwaka, usiku wa manane,
meli za Kilindini zikipiga honi,
simu yangu hulia kutoka nchi ya theluji.
Sauti nzito, ya mwenye ndevu:
"Shangazi karani, nitakie heri, nimeongeza mwaka."

Mama yake aliniambia siku yenyewe.
Ijumaa, Mfunguo Nane, mvua ya vuli,
paa likivuja juu ya mkunga.
Foleni ilikuwa ndefu.
Nikaandika kama wengine.

"Heri, mwanangu," humwambia,
na honi za meli hunisaidia
kutosema zaidi.