Risiti za Novemba

Nilizitandaza mezani kama karata,
nikazisoma kwa sauti, Baltazari akiosha vyombo:
jibini, tena jibini, biskuti za chokoleti,
saladi iliyokwisha kuoshwa na mtu mwingine,
ikafungwa mfukoni, ikaja kuozea kwetu.
Yuro mia sita na arobaini na mbili.
"Vitu vimepanda," akasema, bila kugeuka.
Vimepanda, ndiyo.
Lakini saladi ile haikupanda yenyewe kikapuni.

Kila jioni tulikuwa tukipitia dukani
kuchukua chumvi tu.
Chovya chovya humaliza buyu la asali,
na buyu letu tulilichovya
kwa kisingizio cha chumvi.

Basi tukatunga sheria, hapa Beja,
ghorofa ya tatu, jikoni kunakoshindana baridi na jokofu:
dukani ni Jumamosi, tena tumeshiba,
orodha nyuma ya bahasha ya bili ya umeme,
na Gaspari abaki nyumbani,
maana mtoto yule ana uso wa malaika
na mkono unaofika rafu ya juu.

Sokoni nakwenda saa sita na nusu,
meza zikifungwa.
Bi Eufemia ananisukumia nyanya zilizopasuka,
kabichi lenye jani moja lililoliwa na konokono.
"Yuro moja yote. Sitaki kurudi nayo Serpa."
Mwaka jana ningejifanya naangalia maua.
Siku hizi nafungua mfuko
kabla hajamaliza sentensi.

Buchani, sinunui tena vidari vilivyochunwa.
Kuku mzima, na kisu ni chetu.
Mara ya kwanza Baltazari alimkata
kama anayedaiana naye.
Sasa anajua viungo vilipo:
mapaja ya Jumapili, wali wa Jumatatu,
na mifupa Jumanne, moto mdogo, saa tatu nzima,
mpaka madirisha yatoke jasho
na watoto wahamie jikoni na daftari zao,
wakidhani wamefuata harufu.

Dengu nazilaza majini usiku.
Asubuhi zimenenepa maradufu,
kitu pekee nyumbani humu
kilichoongezeka bila kutuletea bili.

Alhamisi ilikuwa zamu ya mkate wa Jumatatu,
mgumu kama kisigino.
Iria, miaka kumi na minne, akauona ubaoni.
"Supu ya mkate tena? Mama, tumekuwa maskini?"
Baltazari akakazana kukausha sahani
iliyokwisha kukauka.
Nami sikuwa na jibu la kweli
lililo fupi.
Nikampa kinu.
Vitunguu saumu vinne, chumvi ya mawe,
fungu la majani ya giligilani.
Akatwanga kwa hasira, mchi ukalia,
jirani wa chini akagonga dari,
yeye akaongeza kasi.
Sijawahi kuona rojo laini kama lile.
Nikamimina mafuta ya zeituni, maji yaliyochemka,
mkate ukalegea, yai likatulia juu yake
likitetemeka kidogo.
Alikula bakuli mbili. Hakusema kitu.
Kisha akafuta ya pili kwa ukoko,
na mimi nikatazama pembeni
ili asione kuwa nimeona.

Desemba: mia nne na kumi na tisa.
Sikupiga vigelegele. Tofauti yake
iliingia kinywani mwa Gaspari siku hiyohiyo,
jino la nyuma, daktari mwenye vidole baridi.
Lakini tulilipa papo hapo,
na kaunta ile sikuwahi kuiaga
bila kuahidi kitu.

Jana, nyuma ya kabichi la Bi Eufemia,
nimekuta jibini ya kondoo, imefungwa gazetini
kama mtu anayejificha mvua.
Baltazari alikuwa bafuni, anaimba vibaya,
kwa sauti ya mwenye hatia.
Nimeikata vipande vyembamba, unaona mwanga ndani yake,
nikahesabu: vinne vinne, kila mtu, hadi Jumapili.
Halafu nimechukua bahasha,
chini ya dengu na vitunguu
nimeandika: jibini.
Sijaifuta.