Futi Elfu Tatu au Juu Yake

Miaka ishirini na sita nilikwangua theluji
uwanjani Berlevåg, kaskazini kabisa mwa Norwe,
na ndege nilizijua kwa tumbo na kwa mkia:
zinachomoka mawinguni, magurudumu yamekunjuliwa,
zinagusa lami niliyoiacha nyeusi, basi.
Kule zilikotoka hakukunihusu.
Zikiondoka, wingu lilifunga mlango
nami nikarudi kwenye jembe langu la chuma.

Sasa nimestaafu. Goti la kushoto lilinitangulia.
Jovnna wa nyumba ya pili, kijana wa miaka kumi na minne,
amenifungia kompyuta na usukani wa plastiki,
akasema: Bibi Ragnfrid, kurusha ni rahisi.
Kazi ni kuiandikia njia.

Na njia, kumbe, ni maandishi.
Mstari kwa mstari, kama daftari la deni dukani:
jina la nukta, latitudo, mkato, longitudo, mkato,
kimo, mwendo, pinda kushoto au kulia.
Jina liwe la herufi tano, si nne, si sita.

Usiku wa kwanza nilizibadilishia viti namba mbili:
sabini ikakalia kiti cha ishirini na tisa.
Ndege ikatii. Ndege hutii, ndiyo hatari yake.
Ikageuza pua, ikaivuka Urusi, ikaenda, ikaenda
(mafuta ya mle hayaishi, Jovnna ameyapanga hivyo),
nami nimesinzia na soksi ninayoifuma.
Asubuhi, giza la Januari likiwa palepale dirishani,
niliikuta inazunguka juu ya jangwa la Pakistani
ikiutafuta uwanja wetu mchangani.
Jovnna alicheka hadi akashikwa na kwikwi.
Mimi niliwafikiria wale abiria wasiokuwepo,
na makoti yao.

Kisha nikajifunza alama ndogo ya kujumlisha.
Futi elfu tatu, peke yake, ni amri.
Itie ile alama, inakuwa nafasi:
hapo au juu yake, usipungue tu,
maana chini yako kuna mlima usiojua kusoma.
Laiti ningeandikiwa hivyo ujanani.

Pengo ndilo lililonitesa.
Njia ya kuwasili inaishia hapa,
njia ya kutua inaanzia pale,
na katikati kompyuta inachora visanduku vitupu
kama ufizi uliong'olewa meno, inangoja uamuzi.
"Futa tu," asema Jovnna. "Ncha zitakutana zenyewe."

Lakini zamani pengo lile lilikuwa Aslak wa mnarani:
sauti yake redioni, upepo wa leo, utelezi wa leo,
"Ragnfrid bado yumo njiani, ngojeni dakika nne."
Mnara ukafungwa. Kamera zikapandishwa mlingotini,
na Aslak akahamia Bodø
kuutazama uwanja wetu kwenye ukuta wa vioo.
Yeye na skrini yake, mimi na yangu.

Sikulifuta. Nililijaza nukta mbili:
ASLAK, futi elfu tatu au juu yake;
KAFFE, maili nne kabla ya lami,
ndege ilipofika pale, yeye aliinuka kubandika birika.

Mstari wa mwisho ni wa kushindwa.
Kila anayewasili lazima aandikiwe:
usipouona uwanja, panda, pinda baharini,
zunguka, jaribu tena.
Huo niliupatia mara ya kwanza.

Jumapili nikairuhusu. ASLAK. KAFFE. Magurudumu.
Wingu likapasuka, na baada ya miaka yote ile
nikaiona kazi yangu kwa macho yao:
uzi mweusi, bahari upande mmoja.
Theluji ya mle ni rangi tu, haihitaji mtu.
Hata hivyo, kabla ya kugusa,
nilitupa jicho ukingoni, kwa mazoea,
nione kama yule wa taa ya njano ameshatoka.