Betri ya Mwalimu Agesa

Runinga ilikuwa na milango miwili ya mbao, na kufuli,
kama kabati la sahani za wageni.
Mwalimu aliifungua baada ya taarifa ya habari,
akaipangusa ile karatasi ya plastiki kiooni:
buluu juu, njano katikati, kijani chini,
ndiyo maana kila mzungu tuliyemwona usiku ule
alikuwa na uso wa ndizi mbivu
na miguu ya majani.

Chavakali, mwaka wa themanini na moja.
Sisi thelathini na kitu, wengine dirishani,
na kaka yangu Kisia juu ya bati,
ameshika antena, ameielekeza Timboroa.
"Sasa je?"
"Iko! Usipumue!"

Ilikuwa bustani ya michezo, ng'ambo, usiku.
Gurudumu refu kuliko mnara wa kanisa
likiwapandisha watu wazima, wenye ndevu,
wakilia kama watoto wa chanjo.
Mwanamke wa manyoya akishuka ngazi zisizokwisha.
Farasi wa mbao. Bendi ndani ya mashua.
Na taa, taa, taa,
hata Kuku Kadenyi akauliza
mafuta ya zote hizo hununuliwa na nani.

Kila kitu tulimpigia Kisia kelele,
naye akacheka kule juu, akiwa amechelewa kidogo.

Bwana wa suti nyeupe akasema neno.
Mwalimu akatafsiri: "Bado kidogo, fataki."
Hapo ndipo picha ilipoanza kusinyaa pembeni,
watu wakakonda kama miwa,
gurudumu likawa yai, likawa punje,
likawa nukta.
Nukta ikakaa.
Ikaenda.

"Sasa je?" akauliza Kisia.

Kesho yake tulisukuma betri kwa toroli hadi Luanda,
tukibishana fataki zilikuwaje.
Aliyezieleza vizuri kuliko wote ni Kisia:
zilivyopanda zikiwa kimya, zilivyopasuka,
jinsi yule mwanamke alivyoziba masikio kwa manyoya yake.
Hakuna aliyemkumbusha alikuwa wapi.

Juzi mwanangu amenitafutia kipindi hicho kwenye simu.
Nimekitazama hadi mwisho, jikoni, peke yangu.
Mvua ilinyesha kule. Bwana wa suti anaomba radhi,
mwavuli mkononi,
kisha majina, majina, majina.

Kisia hupiga simu kila Jumapili.
Sijamwambia.