Mikia ya Herufi

Tsiala alipiga simu Jumatatu, duka la dawa halijafunguliwa.
Hakusalimu.
"Nodar, mmezikata herufi mikia."

Nilidhani ni macho yake. Ana mtoto wa jicho upande wa kushoto,
na miaka thelathini ya kusoma mwandiko wa madaktari
haimwachi mtu salama.
Hata hivyo nilivuka daraja, theluji ikigeuka tope,
nikaingia ile Kutaisi ya nyuma ya soko
yenye harufu ya spiriti na jibini,
nikainamia kiwambo chake.
Kweli.

Neno letu la kughairi ni gaukmeba.
Herufi nane; nne kati yake hushuka chini ya mstari,
zikaning'iniza miguu kama watoto waliokalia ukuta.
Na aliyekijenga kitufe, nchi nyingine, mwaka mwingine,
alikipima kwa herufi za kwao, zinazosimama wima,
akaona kimo hicho kinaitosha dunia nzima.
Miguu yote minne, imekatwa magotini.

"Lisome," akasema.
Nikalisoma.
"Umelikumbuka," akasema. "Hujalisoma."

Usiku nikakiambia kitufe: usichore neno. Nitachora mwenyewe.
Ni mstari mmoja tu wa msimbo, na mfumo haubishani.
Hukupa mstatili mtupu na brashi,
ukajijue.

Ndipo nikaiona kazi iliyokuwa ikifanyika kimyakimya.
Nani alikuwa akilisogeza neno pikseli moja chini
kidole kinapobonyeza, ili mkono uamini umegusa kitu?
Nani alikuwa akiuzungusha ule uzi wa vidoti
kumwambia asiyeshika kipanya: uko hapa?
Nani alilipaka neno kijivu, kitufe kikilala?
Yule yule niliyemfukuza.
Nikaanza kumrudisha kipande kwa kipande,
saa saba, saa nane, chai imepoa.

Kitufe kilicholala ndicho kilichonishinda.
Desturi ya zamani ni kulichora neno mara mbili,
jeupe chini, la kijivu juu, kama limechongwa kwenye sabuni.
Nilitaka kuacha hivyo. Nani husoma kitufe kisichobonyezeka?
Asubuhi nikampigia nimuulize.

"Mimi," akasema. "Mgonjwa amesimama mbele yangu,
dawa haitoki, anauliza kwa nini.
Ninalokatazwa ndilo ninalotaka kulisoma vizuri zaidi."

Basi nikaondoa kivuli cheupe,
nikachagua rangi ya chai iliyolala kikombeni:
imefifia, lakini inajulikana ni chai.

Vikabaki vipimo. Tsiala alikuwa amenipa boksi tupu la vidonge vya kikohozi,
mgongoni ameandika gaukmeba kwa kalamu ya wino,
mikia ikifagia mpaka ukingoni.
"Neno lipe nafasi hii."
Nililiegemeza kwenye taa, nikapima kwa rula ya mwanangu:
kipimo cha juu, kipimo cha chini,
na ule mstari wa katikati ambao herufi huukalia
na hakuna anayeuona.
Kitufe kikanenepa pikseli sita.
Safu nzima ikasukumana, kimoja kikaanguka nje ya dirisha;
kilikuwa kitufe cha kuhifadhi, na sikuwa nimehifadhi.

Jumatano nilimwekea toleo jipya.
Alivaa miwani, akaivua, akaivaa tena,
akabonyeza gaukmeba mara tatu bila kuwa na cha kughairi.
Neno likashuka, likapanda,
likashuka, likapanda,
na miguu yake yote.

Mteja akagonga kaunta kwa sarafu.
Tsiala hakusema asante. Alisema,
"Sasa twende kwenye printa."