Geti la Fundi Hidaya

Mara ya kwanza niliiandikia akili mnemba:
"Nitengenezee tovuti nzuri ya karakana ya mageti."
Ikanipa zambarau,
zambarau inayoyeyukia samawati,
zambarau ambayo haijawahi kupaka ulimi wa mtoto yeyote.
Chini yake visanduku vitatu vya kona laini,
kila kimoja na alama yake: roketi, ngao, radi.
Na kitufe: Anza Sasa.
Aanze nini? Fundi Hidaya wa Buguruni
hauzi roketi.

Nikasema: "Ondoa zambarau."
Ikaleta kijani, visanduku vilevile.
Nikasema: "Iwe ya kipekee."
Ikaongeza nyota zinazomeremeta.
Nikasema (naona haya kulirudia): "Iwe ya Kiafrika."
Ikaniletea twiga.
Twiga, Buguruni!

Sikuilaumu. Imesoma kurasa za dunia nzima,
na katikati ya kurasa zote hizo inapita barabara moja ya lami,
haina shimo, haina duka, haina mtu wa kumuuliza njia.
Nami nilitaja "nzuri". Ukitaja nzuri umetaja nini?
Hata muuza kanga atakuuliza: yenye jina gani?

Basi Jumamosi nikabeba daftari, kompyuta nikaiacha kitandani.

Kabla chuma hakijakatwa
Hidaya huchora geti zima sakafuni kwa chaki,
kisha anatembea juu ya mchoro kwa kandambili
bila kuufuta.
Nikaandika: chaki nyeupe, saruji iliyoungua.
Nikaandika: rangi ya msingi, ile nyekundu ya kutu inayozuia kutu.
Nikaandika: nondo wima, nafasi ya ngumi moja.
"Mtoto asipitishe kichwa," alisema,
akaweka ngumi yake kati ya nondo ili nione.
Bei zilikuwa ukutani kwa mkaa,
mbili zimefutwa kwa kiganja, kiganja bado kinaonekana.
Na kila geti lilikuwa na jua,
miale ya chuma bapa, chini, kona ya kushoto.
Nikauliza mbona si katikati.
"Katikati anaweka kila mtu."

Usiku, Luku imebaki uniti nne,
nikaiandikia mashine upya.
Sikusema nzuri. Sikusema ya kisasa.
Nikasema: "Ukurasa ni sakafu. Chora kwa chaki kwanza.
Mistari isimame wima, kati yake ngumi moja.
Rangi mbili tu: saruji,
na nyekundu ya geti ambalo mwenyewe hajalipia rangi ya mwisho.
Kona ziwe kali, zimetoka kwenye grainda sasa hivi.
Jua chini kushoto.
Bei ziandikwe kama vitu vinavyoweza kufutwa kesho.
Na kabla hujaandika hata mstari mmoja wa msimbo,
niambie utaacha nini."

Ikakawia, au ni mimi niliyebana pumzi.
Ikajibu: itaacha visanduku, itaacha vivuli,
itaacha kitufe kisichojua kinaanza nini.
Kisha ukurasa ukafunguka
kama geti linavyofunguka, kutoka upande mmoja,
na kwenye jua, mwale wa nne
ukawa mfupi kuliko wenzake.
Sikuuomba. Sijui ni kosa au ni nini.
Nilikaa nao mpaka umeme ukakatika.

Jumatatu Hidaya alivua glovu moja,
akaupandisha ukurasa kwa kidole, akaushusha,
akaupandisha tena. Cheche za kijana wake zikituruka nyuma.
Hakusema nzuri.
Akasema: "Huu mwale mfupi, nani kakata?"
Sikuwa na jibu la kumpa.
"Uache," akasema. "Ila namba ya simu mbona ndogo hivi?
Wateja wangu hawatembei na miwani."

Nikaikuza palepale, nimechuchumaa juu ya chaki,
kwa mkono wangu mwenyewe.